UKURASA WA AFYA: Maji kifuani – tusiishie kuyatoa, tujue yametoka wapi

Katika familia zetu za hapa Magomeni, na katika vijiji vya pwani kuelekea Msimbati na Kilambo, habari ya namna hii si ngeni. Baba alianza na kichomi cha ubavuni. Akasema ni baridi ya baharini, akanunua vidonge dukani, akajifunga khanga ya mama kifuani. Baada ya siku kadhaa kichomi kilipungua, naye akamshukuru Mungu. Lakini wiki ya tatu akaanza kuhema kwa kutembea tu hadi sokoni, na usiku akawa analalia ubavu mmoja. Msimu wa korosho ulikuwa umeanza, akasema, "Tumalize korosho kwanza." Alipofikishwa hospitali akapigwa picha ya kifua, na familia ikaambiwa kwamba ana maji kifuani. Wote wakashusha pumzi: ugonjwa umejulikana.

Hapo ndipo tunapotaka kuanzia mwezi huu, kwa sababu ugonjwa haujajulikana bado. "Maji kifuani" si jina la ugonjwa. Ni dalili, kama vile homa ilivyo dalili. Kazi ya kutafuta chanzo ndiyo kwanza inaanza, na mara nyingi katika hatua hiyo familia huchoka, fedha huisha, au mgonjwa hujisikia nafuu akarudi nyumbani.

Maji hayo yako mahali gani?

Wengi hudhani maji yamo ndani ya mapafu. Sivyo. Pafu limevikwa utando mwembamba, na ukuta wa kifua kwa ndani nao umetandikwa utando wa namna hiyo hiyo. Kati ya tando hizo mbili pana nafasi ndogo sana yenye maji kidogo, kama vijiko viwili au vitatu vya chai, ambayo hulainisha ili pafu liteleze tunapopumua. Mwili hutengeneza maji hayo na kuyaondoa mchana na usiku bila sisi kujua.

Wavuvi wetu wataelewa upesi zaidi. Mtumbwi huingiza maji kidogo siku zote, na mvuvi huyafua kwa upo. Siku mtumbwi ukijaa, kufua peke yake hakutoshi. Lazima kuuliza: je, ubao umetoboka, au mawimbi yamezidi, au mwenye upo amelala? Kifua nacho ni vivyo hivyo. Maji hujaa kwa sababu utando wenyewe unaugua na kuvuja, au kwa sababu shinikizo la damu katika mishipa limezidi kama moyo unaposhindwa kazi, au damu imepungukiwa protini kama katika baadhi ya magonjwa ya figo na ini, au njia za kuondolea maji zimezibwa. Ukiyatoa maji bila kujua ni lipi kati ya hayo, mtumbwi utajaa tena.

Maswali, macho na vidole

Kabla ya mashine yoyote, mganga mzuri huuliza. Shida ilianza lini? Kuna homa za jioni na jasho la usiku? Umekonda? Unalala kwa mito mingapi? Miguu inavimba? Nyumbani kuna aliyewahi kutibiwa kifua kikuu? Kwa mama, atauliza kama kuna uvimbe katika titi, au kama alijifungua karibuni, maana wako akina mama ambao moyo hudhoofika mwishoni mwa ujauzito au miezi ya kwanza baada ya kujifungua. Tafadhali tusikasirikie maswali hayo, wala tusimjibie mgonjwa ambaye anaweza kujibu mwenyewe. Tumeona mara nyingi mtoto mkubwa akisema, "Mzee hana homa," huku mzee mwenyewe akitingisha kichwa.

Kisha hugonga kifua kwa vidole. Kipimo hiki kina historia ya kupendeza. Daktari Leopold Auenbrugger, aliyefanya kazi katika mji wa Vienna, alikitangaza katika kitabu mwaka 1761. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na inasimuliwa kwamba kijana alijifunza huko kugonga mapipa ili kujua divai imefika wapi. Kifua chenye hewa hulia kama debe tupu. Penye maji sauti hufa, kama unagonga jiwe. Mganga akiweka sikio lake la mpira hapo hasikii pumzi, na akimwambia mgonjwa atamke namba kwa sauti, mkono wake hausikii mtetemo. Zahanati ya kijijini isiyo na umeme inaweza kufanya haya yote, na kumpeleka mgonjwa mbele kwa haraka.

Picha ya kifua huthibitisha, lakini nayo ina mpaka wake. Mgonjwa akipigwa picha amesimama, maji hayaonekani vizuri mpaka yafikie kama mililita 200, yaani kikombe kimoja. Ultrasaundi, ile ile ambayo akina mama wajawazito wanaijua, huona hata maji kidogo, na tena humwonyesha daktari mahali salama pa kupitisha sindano. Picha inasema maji yapo na yako upande gani. Kwa kawaida haisemi yametoka wapi.

Upande wenyewe, hata hivyo, una maana. Maji yakiwa pande zote mbili, miguu imevimba, mgonjwa hana homa na hawezi kulala chali, daktari atafikiria moyo au figo kwanza. Mgonjwa wa moyo aliye hivyo anaweza kuanzishiwa dawa za kumkojosha na kuangaliwa, bila kuchomwa sindano. Lakini maji yakiwa upande mmoja tu, au kukiwa na homa, au dawa za moyo zisipoyapunguza, sindano inahitajika.

Hofu ya sindano

Hapa lazima tuseme wazi, kwa kuwa hofu hii imeua watu. Husemwa mitaani kwamba "ukitobolewa kifua huponi". Wanaosema hivyo wameona kweli watu waliotobolewa wakafa. Ila mara nyingi hawakuuliza mgonjwa yule alikaa nyumbani miezi mingapi kabla ya kufika, na alikuwa na ugonjwa gani. Sindano ikalaumiwa kwa kazi ya kansa, au ya kifua kikuu kilichochelewa.

Inavyofanyika ni hivi. Mgonjwa huketi, akiegemea mbele juu ya meza yenye mto. Daktari hutafuta mahali mgongoni kwa kugonga au kwa ultrasaundi, husafisha ngozi na kuchoma dawa ya ganzi. Sindano hupita juu kidogo ya ubavu, si chini yake, kwa sababu mishipa ya damu na ya fahamu hupita chini ya kila ubavu. Kwa ajili ya uchunguzi, mililita 50 zinatosha. Kama mgonjwa anashindwa kuhema, yatatolewa zaidi ili apate nafuu, lakini kwa kawaida hayapitishwi lita moja na nusu kwa mara moja. Kwa hiyo ndugu wasimlaumu daktari kwamba "ameacha mengine ndani". Pafu lililobanwa kwa muda mrefu likifunguliwa ghafla linaweza lenyewe kujaa maji, na hiyo ni hatari. Mgonjwa akianza kukohoa sana au kusikia kifua kinabana wakati maji yanatoka, aseme mara moja.

Je, hakuna madhara kabisa? Yapo, nasi hatuwezi kuwaficha. Mara chache hewa huingia na pafu kusinyaa, au damu hutoka. Ndiyo maana mgonjwa huangaliwa kwa muda baadaye, na ndiyo maana mwenye ugonjwa wa kutokwa damu aseme mapema, vivyo hivyo na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Lakini hatari hiyo ni ndogo ukilinganisha na kukaa na ugonjwa usiojulikana jina.

Maji yanasema nini

Kwanza daktari huyatazama na hata kuyanusa. Usaha hauhitaji mjadala: ni lazima uwekewe mpira utoke wote, pamoja na dawa kali za kuua vijidudu, na usicheleweshwe hata siku moja. Kwa watoto wetu usaha huu mara nyingi hufuata nimonia. Maji meupe kama tui la nazi huonyesha kwamba mfereji unaopitisha mafuta ya chakula mwilini umepasuka au umezibwa. Usaha wa rangi ya chokoleti upande wa kulia, kwa mtu aliyekuwa na maumivu ya ini, unaweza kuwa jipu la amiba lililopasukia kifuani, na hilo linatibika vizuri likitambuliwa. Damu humfanya daktari afikirie kansa, lakini kifua kikuu nacho huweza kutoa maji yenye damu, na kuumia pia, kwa mfano kuanguka kutoka juu ya mnazi.

Mara nyingi maji huwa ya manjano tu, kama chai ya rangi iliyopooza. Hapo macho hayatoshi. Maabara huanza kwa kuyagawa katika makundi mawili: maji mepesi na maji mazito. Maji mepesi ni yale yaliyosukumwa au kuvuja huku utando wenyewe ukiwa mzima, kama kwa mgonjwa wa moyo, figo au ini. Maji mazito yana protini nyingi, na maana yake ni kwamba utando unaugua: kifua kikuu, nimonia, kansa.

Kanuni inayotumika karibu dunia nzima ni ya daktari Richard Light wa Marekani na wenzake, waliopima wagonjwa 150 na kuandika matokeo yao mwaka 1972. Walilinganisha maji ya kifuani na damu ya mgonjwa yule yule. Protini ya maji ikizidi nusu ya ile ya damu, maji huhesabiwa mazito. Wakaongeza pia vipimo vya kimeng'enya kiitwacho LDH. Ndiyo sababu siku hiyo hiyo utatolewa na damu mkononi. Si kwamba wanakufanyia majaribio.

Pasipo na maabara ya kutosha, kuna njia ya zamani ambayo bado ina faida: maji huachwa katika kichupa kitupu kisicho na dawa. Yakiganda yenyewe kama uji uliopoa, yana protini nyingi, na kifua kikuu kinapanda juu katika orodha ya washukiwa. Yasipoganda, hatuwezi kwa hilo tu kusema kwamba si TB.

Baada ya hapo chembechembe huhesabiwa kwa darubini. Chembe nyeupe za aina ya limfosaiti zikiwa nyingi, hufikiriwa TB au kansa. Zikiwa nyingi zile za aina nyingine, zinazokimbilia jeraha jipya, hufikiriwa nimonia. Maji mengine hupelekwa kutafutwa chembe za kansa.

Kifua kikuu kisichotoa makohozi

Tukae hapa kidogo zaidi, maana kwa mtu mzima wa sehemu zetu mwenye homa, aliyekonda, na mwenye maji upande mmoja, TB ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Watu wanajua TB ni kukohoa wiki mbili na zaidi na kupima makohozi. Mgonjwa wa TB ya utando anaweza kukohoa kikavu tu, au asikohoe kabisa. Makohozi yake yakipimwa majibu yanaweza kurudi "hakuna vijidudu", naye akaenda nyumbani akisema kwa furaha, "Sina TB." Sababu ni kwamba vijidudu kwenye utando huwa vichache mno. Maji mengi yale ni hasira ya mwili dhidi ya vijidudu hivyo vichache. Hata maji yenyewe yakiwekwa chini ya darubini, kwa kawaida kijidudu huonekana kwa mgonjwa mmoja kati ya kumi au pungufu. Mashine ya GeneXpert, iliyoleta msaada mkubwa katika makohozi, nayo katika maji ya kifua hukosa wagonjwa wengi, hata nusu yao na zaidi. Ikisema "ipo", tuamini. Ikisema "haipo", tusikimbilie kufurahi. Kuotesha vijidudu maabara huchukua wiki kadhaa. Hospitali kubwa zinaweza kupima kimeng'enya kiitwacho ADA, ambacho hupanda sana katika TB, au kuchukua kinyama kidogo cha utando na kukichunguza, na hicho ndicho chenye jibu la uhakika zaidi.

Kwa hiyo wakati mwingine daktari ataanza dawa za TB bila kumwona mdudu, kwa kuunganisha ushahidi: umri, homa, kukonda, maji ya upande mmoja, limfosaiti nyingi, protini nyingi. Hajakisia ovyo. Anafanya kama mvuvi anayejua samaki wapo kwa kuona ndege juu ya maji.

Na sasa lile ambalo tungependa kila nyumba ilijue. Maji ya TB yanaweza kukauka yenyewe bila dawa yoyote, katika wiki au miezi michache. Mgonjwa hupata nafuu, homa huisha. Kama wakati ule alikuwa anakunywa mizizi, mizizi itasifiwa. Kama alikuwa anakunywa vidonge vya duka, duka litasifiwa. Lakini ugonjwa haukutoka. Mwaka 1955 madaktari Roper na Waring waliandika habari za wanajeshi 141 wa Marekani waliopata maji ya namna hii bila kupewa dawa za TB. Baadaye 92 kati yao walipata kifua kikuu kamili, cha mapafu au cha sehemu nyingine za mwili. Hao ni karibu wawili katika kila watatu. Mtu huyo atakapoanza kukohoa damu miaka mitatu baadaye, nani atakumbuka kile kichomi?

Kwa sababu hiyo hiyo tunaomba watu wasijinunulie dukani dawa kama siprofloksasini kwa ajili ya kichomi. Baadhi ya dawa za jamii hiyo hupunguza nguvu vijidudu vya TB bila kuvimaliza, vipimo vikavurugika, na vijidudu vikajifunza kuzoea dawa.

Kipimo cha VVU kitapendekezwa, na tusione ni tusi. Madaktari wa Muhimbili walieleza mwaka 1994 jinsi wagonjwa wengi wa TB ya utando waliowapima Dar es Salaam walivyokuwa na virusi pia. Wakati ule hakukuwa na dawa za kuwapa. Leo zipo, na mwenye maambukizi yote mawili hutibiwa yote mawili. Jirani zetu wa Kampala walitufundisha jambo jingine: mwaka 2004 walitoa matokeo ya wagonjwa 197 wenye VVU na TB ya utando, ambao nusu yao waliongezewa predinisoloni. Maji yalikauka upesi zaidi, lakini hawakuishi zaidi ya wenzao, na waliopewa dawa hiyo ndio waliopata kansa ya Kaposi. Basi tusimshikilie daktari atuandikie "ile dawa ya kukausha maji".

Isipokuwa TB

Mgonjwa mwenye umri mkubwa, mwenye maji ya damu yanayorudi upesi kila yakitolewa, lazima atafutiwe kansa: ya pafu, ya titi, au iliyoanzia kwingine. Familia nyingi hapa hukata tamaa kabla ya jibu. Tuwaambie tu kwamba si kila uvimbe ni hukumu. Mwaka 1937 daktari Meigs wa Marekani na mwenzake Cass walieleza juu ya wanawake wenye uvimbe wa kawaida wa ovari, usio kansa, waliojaa maji tumboni na kifuani. Uvimbe ukikatwa, maji yote hukauka. Mama wa namna hiyo akidhaniwa ana kansa iliyoenea na kurudishwa nyumbani, amepoteza maisha bure.

Na mgonjwa aliyeanzishiwa dawa za TB bila mdudu kuonekana asiachwe bila kuangaliwa. Kwa kawaida homa hushuka na hamu ya chakula hurudi katika wiki za mwanzo. Maji yenyewe hukauka polepole zaidi, hata miezi. Kama baada ya miezi miwili hakuna dalili yoyote ya nafuu ilhali dawa amezimeza sawasawa, arudi na kusema, ili chanzo kingine kitafutwe.

Kwa mgonjwa na wanaomsindikiza

Kutoka Magomeni, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula ni jirani. Ipo pia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini huko Mitengo, na kwa walio upande wa Masasi ipo Hospitali ya Mtakatifu Benedikto, Ndanda. Chukueni picha zote za zamani, hata zilizokunjamana, na maboksi ya dawa zote zilizokwisha kumezwa, pamoja na za kienyeji mkizijua. Msimfiche daktari. Ulizeni maswali matatu kabla ya kuondoka: maji yalikuwa mepesi au mazito? Majibu gani bado hayajatoka, na tuyafuate lini? Je, huyu anatibiwa ugonjwa gani? Andikeni majibu nyuma ya kadi.

Dawa za TB hutolewa bure na Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanza mwaka 1977. Kwa TB ya kawaida ya utando ni miezi 6: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Mkojo utageuka rangi ya machungwa. Ni rangi ya dawa, si damu. Macho yakiwa ya manjano au kuona kukififia, rudi kliniki usisubiri tarehe yako. Waliomo nyumbani nao wachunguzwe, hasa watoto wa chini ya miaka 5, ambao wanaweza kupewa dawa ya kinga.

Mgonjwa anayehema hata akiwa ameketi, ambaye midomo imebadilika rangi, au mtoto mwenye homa kali ambaye kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, hao wapelekwe siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku na hata kama korosho bado ziko chini ya mti.